Honi Haimfikii Limi

Oktoba 6

Mama Limi kaniudhi asubuhi asubuhi, hata chai sijanywa. Kaingia na kitambaa cha kijani begani, hajakaa, kasema, "Mama Adam, nishonee sare ya shule."

"Ya nani?"

"Ya Limi."

Limi! Mtoto ambaye baba yake amekwishasema, mtaa mzima tukisikia, kwamba Januari anakwenda bweni Shinyanga mjini. Nikamwambia, Mama Limi, sare ya bweni si ya kijani, kijani ni ya shule hii ya hapa ng'ambo. Akanijibu, "Najua," akaondoka zake.

Basi kitambaa nimekiweka kwenye rafu. Sikati ng'o. Mkasi ukishapita hakuna wa kurudisha, na mimi sitaki kuambiwa baadaye Mwanaima kaharibu kitambaa cha watu. Wasukuma wabishi jamani, lakini huyu kazidi.

Oktoba 8

Joto, vumbi. Cherehani imekata uzi kutwa.

Oktoba 11

Niliandike hili nipunguze donge. Dirisha langu linatazama barabara, kwa hiyo nikishona naona kila kitu. Tangu wametuwekea lami hapa Nyasubi, malori ya mgodini, Noah za Segese na bodaboda zote zinapita kama zinafukuzwa. Sheria yetu ni moja: mwenye gari anapiga honi, mwenye miguu anakimbia. Mwaka jana aligongwa mzee wa baiskeli, Mungu amrehemu, na yeye masikio yake yalikuwa mazima.

Kutoka mlango wa Mama Limi hadi geti la shule, ukiita mtu anaitika. Ile shule ina darasa la watoto wasiosikia, mwalimu wao anazungumza kwa mikono. Limi ana miaka saba, hajasikia sauti tangu azaliwe. Shule iko puani kwake, katikati pana barabara, na honi haimfikii.

Baba yake ni Luka, mchimbaji, anashinda duarani, yale mashimo ya dhahabu kule Bulyanhulu, na kurudi mwisho wa mwezi. Si mtu mbaya. Alisimama barazani akasema, "Barabara ikitengenezwa pa kuvukia kabla shule hazijafunguliwa, mtoto abaki. Isipotengenezwa, anakwenda bweni. Siziki mtoto kwa sababu ya ubishi." Kwa kweli mimi nilimuunga mkono.

Leo nikamuuliza Mama Limi, kwani bweni kuna ubaya gani? Hakunijibu kwa hasira. Akasema, "Usiku taa ikizimwa Limi haoni wala hasikii. Analala kashika kanga yangu. Kule atashika kanga ya nani?"

Nikajifanya natafuta kifungo.

Oktoba 15

Ametumwa injinia kutoka halmashauri. Nikatarajia mwanaume mwenye kitambi, kashuka kwenye bodaboda kasichana kembamba, buti kubwa kuliko miguu, koti la kung'aa. Anaitwa Nelly. Kasema kuna mpango wa usalama barabarani kwa kata yetu, na ndani yake kuna kivuko kimoja tu cha kuinuliwa: tuta pana, juu limepigwa pundamilia. Mahali pa kukiweka pataamuliwa kwenye mkutano mwishoni mwa Novemba. Wengine wanakitaka sokoni, wengine kituo cha mafuta. Mama Limi anakitaka hapa, mbele ya dirisha langu.

Mwita hakitaki popote. Huyu ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, katoka Tarime, sauti yake inafika Kahama yote bila simu. "Injinia, matuta yanatuvunjia shokapu! Watoto wafundishwe kukimbia."

Nelly kaandika. Nikasema moyoni, huyu mtoto watamla mzimamzima.

Oktoba 17

Nimefuta niliyoyasema juzi.

Nelly amekuja dukani kuniamkia. "Shikamoo, mama." Marahaba. Kaomba pamba, ile ninayojazia mito. Nikampa bonge. Akaigawa mbili, akasokomeza masikioni, juu akajifunga kanga yangu hadi kichwa kikawa kama mzinga wa nyuki. Nikacheka. Halafu akatoka, akasimama ukingoni mwa lami, kwenye njia ile ile wanayopita watoto, akaanza kuvuka.

Kaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Akatia mguu. Bajaji ikachomoka nyuma ya lori lililoegeshwa, honi inalia ile ya kupasua kichwa, na yule binti anaendelea tu! Nilipiga kelele mpaka nikakohoa. Kelele za nini, na pamba nimempa mwenyewe? Mwenye bajaji kakata kona, kapita karibu kabisa na buti zake, matusi yote anayoyajua kayamwaga pale.

Alirudi kukaa kwenye benchi langu. Nikampa maji. Akasema, "Mama, nimesoma vitabu vya barabara miaka minne. Hili sikulijua mpaka leo." Halafu kainuka na futi yake, kaenda kupima pale lile lori linapoegeshwa. Mimi ningekwenda nyumbani kulala. Wallahi nimempenda.

Oktoba 20

Nimemaliza magauni ya kwaya. Kitambaa cha kijani bado kiko rafuni.

Oktoba 23

Subhanallah. Mama Limi alikuwa ananunua nyanya, Limi kamponyoka akamkimbilia mbuzi. Lori likaja na honi yake. Mama mtu karuka kama si yeye mwenye ule mwili, kamvuta mtoto kwa gauni, gauni limechanika hadi kiunoni. Wote wawili chini kwenye vumbi. Limi anashangaa tu kwa nini mama yake analia.

Nimelishona lile gauni. Nilipomrudishia, Mama Limi kasema, "Mkutano uko mbali, Mama Adam. Mimi sisubiri tena."

Oktoba 26

Leo nimeona jambo.

Mama Limi alikwenda kwa Mzee Mayala, mwenyekiti wetu wa mtaa, wakaelewana kwa Kisukuma. Asubuhi nasikia ngoma. Nachungulia: watu na majembe, wanawake, wanaume, hata wale wa kanisani na wale wasiosalimiana, wamejipanga mstari kama wanakwenda kulima shamba la mtu. Kule vijijini kwao ndivyo wanavyolima, mpiga ngoma mbele, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Leo wamelima kichuguu kikubwa nyuma ya kisima, udongo ule mwekundu wa kujengea nyumba na kusakafia. Wakaubeba kwa karai, wakaumwagia maji, wakaukanyaga kwa kucheza, wakajenga matuta mawili juu ya lami, moja kila upande wa njia ya watoto.

Mimi mtu wa Ujiji, haya si yetu. Lakini ngoma ilipokolea nilijikuta nimeshika karai! Mama Limi kaongoza wimbo, jasho linamtiririka, na Limi kaweka kiganja chake kwenye ngozi ya ngoma, anacheza kwa mpigo bila kukosea hata mara moja. Sikujua kama ngoma inaweza kusikika kwa kiganja. Watu walisimama kumtazama.

"Wabeja, mayu," Mama Limi kaniambia mwishoni, ananifuta udongo shavuni. Eti ahsante, mama. Nikamwambia na mgongo wangu je, utaufuta?

Novemba 2

Udongo umekauka, mgumu kama saruji. Malori yanafika hapa yanapumua, yanapita taratibu. Mtaa mzima tunatembea vifua mbele. Mwita peke yake ndiye kanuna.

Novemba 9

Nimekosa usingizi, bora niandike.

Mchana wingu lilipanda kutoka upande wa Geita, jeusi. Tukashangilia, maana mvua ya kwanza hiyo. Ikanyesha ya mawe. Na yale matuta yetu yakayeyuka. Udongo wa kichuguu ukitandazwa na maji ni sabuni, kila Msukuma anajua hilo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Ndiyo maana nyumba zao huzitengenezea paa linalotokeza nje, maji yasiguse ukuta. Watu wote wale na majembe yao, na mimi na karai langu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba barabara haina paa.

Mwita alikuwa anatoka kumshusha abiria, yuko peke yake, nashukuru Mungu. Sikuona alivyoanguka. Nilisikia pikipiki inakwaruza lami kwa kirefu, halafu kimya. Alipotelezea ni pale pale. Alilala kwenye tope jekundu nikadhani ni damu yote. Mama Limi ndiye wa kwanza kufika, kapiga yowe lile la kwao linaloitoa kila nyumba nje, kamwekea kanga yake chini ya kichwa, mvua inatupiga. Mwita kashika bega anasaga meno. "Mmeniua nyie wanawake," kasema. "Mmeniua na tuta lenu."

Mtulinga umevunjika, na mguu umechunika vibaya. Atapona, wamesema. Lakini nilimtazama Mama Limi amesimama kwenye mvua bila kanga, na uso ule sijui nitausahau lini.

Novemba 11

Nelly kaja na vijana, wamekwangua tope lililobaki. Hakupiga kelele. Kamwambia Mzee Mayala mbele yetu, "Mzee, ni kosa kuweka kitu barabarani bila kibali, na sasa mnajua kwa nini." Mzee kavua kofia. Kisha Nelly kanivuta pembeni, kasema kwa huzuni, "Mmenipa kazi ngumu, mama. Mkutanoni wataniambia watu wa huku wameshatengeneza matuta na yameumiza mtu."

Kijiwe kizima kimeapa kwenda kupinga. Luka kapiga simu kutoka mgodini. Kasikia. Kamwambia mkewe neno moja tu: bweni.

Novemba 13

Mvua.

Novemba 16

Nilidhani Mama Limi atajificha. Kumbe kila asubuhi anapika uji wa ulezi, anaufunga kwenye chupa, anamshika Limi mkono, wanakwenda hospitali kwa Mwita. Siku ya kwanza Mwita kageukia ukutani. Siku ya pili vilevile. Leo nimewasindikiza, nikamkuta kakaa, kanuna, lakini kikombe kakipokea.

Mama Limi kapiga goti wodini, wagonjwa wanatazama. "Baba, udongo ule niliuchimba mimi. Wazo lilikuwa langu, ngoma niliita mimi. Usimlaumu mwenyekiti, usiulaumu mtaa. Nilaumu mimi."

Mwita kanywa uji. Akasema, "Hujaweka sukari ya kutosha."

Njiani nilitaka kumwambia Mama Limi kwamba mimi nisingeweza kupiga goti lile, kwamba ningetafuta maneno na kumtupia lawama mwingine. Nimemwambia tu kesho sukari nitatoa mimi.

Novemba 23

Mwita katoka hospitali, mkono umefungwa shingoni, haendeshi. Anashinda kijiweni kakaa kwenye tairi kuukuu, mkabala na dirisha langu, hana la kufanya ila kutazama barabara. Limi anamfuata. Sijui wanazungumza nini. Leo nimeona anamfundisha kuhesabu kwa vidole vya mkono ule mzima.

Tena kuna jipya. Limi anampa kila mtu jina la mikono. Mwita akitajwa, Limi anagusa bega na kuinamisha shingo. Mzee Mayala ni kofia inayovuliwa. Nelly ni mikono miwili kuziba masikio. Bodaboda wote sasa wanaamkiana kwa kugusa bega, wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mimi bado hajanipa. Si kwamba najali.

Novemba 30

Mkutano. Ukumbi ulijaa, mvua inapiga bati, watu wanasema kwa kupaza sauti. Wa sokoni wakasema yao, wa kituo cha mafuta wakasema yao kwa ufasaha mkubwa. Kila aliyesimama alituchoma: wa njia ya shule wamekwishajichukulia sheria mkononi, wameumiza mtu. Nelly kaeleza aliyoyaona, lori linaloziba, watoto wanaochomoza. Kaeleza vizuri, lakini niliona wazi watu wanasubiri kijiwe kiseme.

Mwita kasimama. Nilimshika Mama Limi mkono.

"Mimi ndiye niliyeanguka," kasema, na kwa sauti ile hakuhitaji kipaza. "Bega hili hapa. Kama kuna mwenye haki ya kukasirika ni mimi, kwa hiyo wengine nyamazeni. Nimekaa kwenye tairi wiki nzima nikitazama. Mnajua tunafanya nini sisi madereva? Tunapiga honi. Ukishapiga honi unaona umemaliza kazi yako, aliyebaki ni wa kukimbia. Miaka yote mimi nimepiga honi nikijiona dereva mzuri. Sasa nina rafiki yangu mmoja, mfupi hivi." Akaonyesha kiunoni. "Hasikii. Kwake mimi na honi yangu ni sawa na gari lisilo na breki. Wale akina mama walikosea udongo, hawakukosea mahali. Kivuko kikae pale."

Kijiweni wakabaki mdomo wazi. Kisha mmoja kagusa bega na kuinamisha shingo. Halafu wa pili. Halafu benchi lote la bodaboda, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi, hata wa sokoni.

Kimepita. Njia ya shule. Nimelia hadharani, na sioni haya kuandika.

Desemba 1

Nimekata kitambaa cha kijani. Pindo nimeliacha refu, la kuachia akikua.

Desemba 9

Mafundi wameanza. Mvua ikawafukuza.

Desemba 12

Mvua.

Desemba 17

Mvua. Shimo la mafundi limejaa maji, bata wa jirani wanaogelea ndani.

Desemba 26

Luka karudi kwa sikukuu, kaleta tranka. La bati, la bluu, na kufuli yake. Kaliweka sebuleni katikati. Hakufoka. Kamwambia mkewe, "Nilisema ikitengenezwa. Nitazame nje nione nini? Bata?"

Nilikuwepo. Mama Limi kafungua tranka, kalifuta vumbi ndani kwa kanga yake, kalifunga. Kasema, "Shule zinafunguliwa Januari tarehe kumi na tatu, na haijafika, Baba Limi." Usiku huu najiuliza huyu mwanamke roho yake imetengenezwa kwa kitu gani. Oktoba nilimwita mbishi. Sina tena neno hilo kwake, na jipya sijalipata.

Januari 4

Jua! Nelly kaja na mafundi kabla hata sijafungua duka. Kachota maji ya shimoni mwenyewe kwa ndoo, yeye injinia, buti zimejaa tope. Bodaboda wakaacha abiria wakashika ndoo. Mwita anaamrisha kwa mkono mmoja. Luka alisimama kibarazani kwake mikono kifuani. Baadaye kidogo namwona kakunja suruali, yumo shimoni, anachimba mtaro wa kutolea maji. Mchimbaji ni mchimbaji, alichimba kuliko wote.

Januari 10

Zege imekauka. Lile lori la kuegeshwa limepigwa marufuku, pamewekwa nguzo. Leo wamepaka pundamilia. Nimempelekea Limi sare, imemkaa. Kajizungusha mpaka kaanguka kwenye kochi. Jina sijapewa.

Januari 13

Asubuhi nilifunga cherehani, nikakaa dirishani kwangu. Hakuna aliyefanya kazi. Kijiwe kizima kimesimama, Mzee Mayala na kofia yake, Nelly pembeni na koti lake la kung'aa. Luka yuko mlangoni kwake, nyuma yake naliona tranka, bado liko sebuleni.

Mama Limi kamleta mtoto hadi ukingoni. Kijani kitupu, soksi nyeupe. Akamshika mkono. Halafu akauachia. Niliuona ule mkono ukibaki hewani, vidole vimefunguka, haujui uende wapi.

Limi kaangalia kulia. Kaangalia kushoto. Lori la mgodini linakuja, kubwa, na likapiga honi. Wote tulisikia isipokuwa yeye. Lakini lile lori likakutana na tuta, kwanza pua ikapanda, likapunguza, likasimama. Kijiwe kikamfokea dereva kwa pamoja, "Hasikii, wewe!" Dereva masikini kachomoa mkono wote nje ya dirisha, anamwashiria mtoto apite, apite.

Akapita. Mstari mweupe, mweusi, mweupe. Akafika katikati kabisa ya barabara, na pale akasimama.

Yaani akasimama! Mama Limi kaziba mdomo. Limi akageuka, akalitazama dirisha langu, akaniona. Akaweka viganja vyake pande mbili za uso, akatoa shingo mbele, macho yakamtoka, mtu anayechungulia dirishani. Akanionyesha kidole. Akarudia tena, polepole, ili mzee nielewe: mchunguliaji, wewe.

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mwita karudia jina langu, na Nelly, na Luka kule mlangoni. Mimi nacheka na kulia, uso wangu umebanwa kwenye nondo za dirisha vilevile alivyosema. Lori limesimama, Noah mbili nyuma yake zimesimama, bajaji imesimama, na Limi yuko katikati ya barabara ile, hana haraka, anasubiri nimjibu.

Nikaweka viganja usoni, nikatoa shingo.

Akaridhika. Akaingia shule.